Fundi Amesafiri kwa Msiba

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na leo amenitamkia bila haya: nikivaa lile koti la kahawia, ukumbini ataingizwa na baba yake mdogo. Mdogo wangu! Mtu anayevaa suti za dukani! Miaka ishirini na sita nawavisha watu, mimi mwenyewe sina suti. Mganga hajigangi, sawa, lakini huku ni kudhalilishwa. Basi. Jumamosi nashona suti yangu. Jumapili nalala mpaka adhuhuri. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi
Kikwazo ni wateja. Hawajui wikendi, watu hawa! Nimepata dawa. Mke wangu atanifungia dukani kwa kufuli la nje, na mlangoni nitabandika kikaratasi: "Fundi amesafiri kwa msiba." Mke kauliza amekufa nani. Nimemwambia asiniletee maswali madogo madogo.

Jumamosi, 8 Machi
Saa mbili mke kafunga, kaenda kwa dada yake na ufunguo mpaka Jumapili jioni. Raha iliyoje! Saa tatu akaja Mwalimu, yule niliyemwahidi suti tangu mkewe ana mimba. Mtoto sasa anatembea. Nikamsikia akisoma kikaratasi kwa sauti, akasikitika sana. Nami mguu wangu, mjinga, ukaendelea kukanyaga cherehani. Kisha akauliza kwa upole, marehemu anashona nini.

Akaketi kibarazani, akatoa madaftari ya kusahihisha, akasema wikendi yote anayo. Wapita njia nao wakajua nimo. Hadi jioni nimepokea suruali sita kupitia nondo za dirisha. Ningekimbilia wapi? Hata mfungwa hupumzishwa!

Jumapili, 9 Machi
Siku ya kulala. Nimelala? Alfajiri Mwalimu yuko kibarazani! Nimeshona suti yake kwa hasira mpaka vidole vikafa ganzi. Saa kumi ikakamilika. Nikaijaribu mwilini, kwa ukaguzi tu. Imenikaa kama nimezaliwa nayo! Nikamwambia vifungo vimekwisha, aje baada ya wiki moja. Akalalamika kwamba Jumamosi ana harusi. Nikamjibu kila mtu ana harusi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwingiza binti yangu ukumbini, mimi mwenyewe! Amenishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtoka, na mimi yangu nimeyameza kwa shida. Baba mdogo kanuna. Kisha nikaona safu ya mbele: Mwalimu, na shati tupu. Kumbe bwana harusi alikuwa mwanafunzi wake! Akaja kunipongeza, akapapasa ukosi taratibu, akasema suti nzuri, nisiimwagie mchuzi tu. Dharau gani hiyo! Nikageuka kwa ghadhabu, sahani mkononi. Nikaimwagia.

Jumapili, 16 Machi
Mwalimu kagonga asubuhi na mapema, siku yangu ya mapumziko! Watu wengine hawana hata chembe ya huruma. Nimemwambia aje Jumamosi.

Kosa langu nimeliona. Msiba ule ulikuwa wa mbali mno. Wikendi ijayo namaliza suti yangu, kisha nalala, na Mungu shahidi. Makufuli mawili. Kikaratasi kipya nimeshakiandika: "Fundi amefariki. Njooni wiki ijayo."