Leo Nimepekua Mkoba wa Kukhu

Aibu ya leo haina pa kufichwa. Wacha niwape ikiwa moto, kabla mtu wa Kabuchai hajawafikia na yake.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo hapa Kitale. Na mnajua (nimewasumbua nayo wiki yote) kwamba nimenunua ile kompyuta ya kutenganishwa. Ukitaka kuandika, iko na kibodi. Ukitaka kuchora, unang'oa kibodi, unabaki na kioo na kalamu yake. Bana! Unachora gauni, unapaka rangi, unarefusha mkono, unafuta mkia, na hakuna karatasi imechafuka. Nimechora hadi kuku wa jirani akiwa amevaa veli.

Leo basi nilikuwa na mteja huko Kabuchai, Bungoma, msichana anaitwa Nelima, anaolewa hivi karibuni. Kazi yenyewe: gauni la bibi harusi, nguo za wasimamizi, na wamama wote wa ukoo. Sijawahi kushika kazi kubwa hivyo. Nikasema leo Kabuchai watajua Kitale kuna fundi!

Nilikaribishwa vizuri sana. Ugali, kunde, kuku wa kienyeji. Kitu kimoja tu kilileta baridi mezani. Baba Nelima alichungulia bakuli, akakoroga mchuzi, akauliza, "Na firigisi iko wapi?"

(Firigisi ni ya mwenye boma. Haifai hata kuulizwa.)

Wamama wakaangalia dari. Mwishowe Senge Rael, shangazi yake Nelima, akasema, "Labda huyu kuku alizaliwa bila."

Yakaisha hivyo.

Vyombo vikaondolewa, nikatoa mashine yangu. Nikang'oa kibodi, tak!

"Uui! Ameivunja!" wamama wakapiga yowe.

(Hapo nilisikia raha hadi kwa visigino.)

Nikaanza kumchora Nelima. Huku nachora, huku naandika vipimo pembeni, na mashine inageuza mwandiko wangu mbaya kuwa herufi safi kama za kitabu. Nelima akapiga vigelegele. Hata Kukhu, nyanya yake, aliyekuwa amekaa kando yangu akikumbatia mkoba, alirekebisha miwani akasema, "Ongeza hiyo nguo nyuma, iburutike. Hii si matanga."

Nikaongeza. Nyumba nzima ikapiga makofi, na mimi pia nikajipigia.

Senge Rael akaomba kuiona kwa karibu. Nikampa na masharti. "Senge, shika pembeni tu. Usiguse kioo."

Akaishika kama mtoto mchanga, akaanza kuzunguka nayo sebuleni kuonyesha kila mtu. Wakati huo mimi nikanyoosha mkono nichukue kalamu.

Hakuna.

Chini ya kochi, hakuna. Chini ya vitambaa vya kochi, hakuna. Jasho likaanza. Bila ile kalamu, mimi ni mtu amebeba kioo cha kujiangalia kutoka Kitale.

"Jamani, kalamu yangu imepotea!"

Kukhu akanishangaa. "Karamu imepotea namna gani na tumekula saa hii?"

"Si karamu, Kukhu. Kalamu. Ya kuandika."

"Si ndiyo hiyo nasema? Karamu."

Msako ukaanza. Baba Nelima mwenyewe, mzee wa kanisa, akapiga magoti akiangalia chini ya meza. Nikaomba watu wasimame, wakung'ute nguo. Nikasema, "Hapa hatoki mtu!" (Mimi. Mgeni. Kwa nyumba ya wenyewe.)

Wote wakasimama isipokuwa Kukhu. Yeye alizidi kukaza mkoba. Na si ndiye alikuwa kando yangu? Upelelezi wangu ukaishia hapo.

"Kukhu, labda iliteleza ikaingia kwa mkoba wako."

"Haikuingia."

"Tuangalie tu, Kukhu."

"Mtoto, huku kuna Biblia na dawa ya mguu. Wachana nayo."

Sijui ni nini kiliniingia. Nikashika mkanda wa mkoba. Akavuta. Nikavuta. Zipu ikapasuka krrr! Biblia ikaanguka. Dawa ya mguu ikaanguka. Halafu kikatoka kitu kimefungwa kwa tishu, kikafunguka chenyewe, kikabingirika polepole hadi kwa kiatu cha Baba Nelima.

Firigisi.

Baba Nelima akainama, akaiokota. Akaiangalia. Akamwangalia Kukhu, ambaye ni mama yake mzazi.

"Mama?"

"Nilikutafunia chakula ukiwa huna meno," Kukhu akasema bila kupepesa. "Leo nikikula firigisi moja, kuna makosa?"

Ni hapo Senge Rael, bado amekumbatia mashine yangu, akauliza kwa upole, "Kwani hiyo karamu inakaa aje?"

"Nyeusi, Senge. Ndefu, nyembamba."

"Kama hii mkono ya kushikia mashine?"

Akafungua vidole. Kalamu ilikuwa imenata kwa sumaku ubavuni mwa mashine, mahali niliiweka mwenyewe nikitaka kupiga makofi.

"Si ulisema nishike pembeni?"

Nelima alianguka sakafuni kwa kicheko. Baba Nelima alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nikapiga magoti mbele ya Kukhu kuomba msamaha, na akaniacha hapo kitambo kizuri, akinitazama.

"Unajua kushona zipu?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Utashona. Halafu unichore na mimi. Gauni iwe na mfuko. Kubwa."

Nikamchora palepale. Alipojiona kwa kioo, amesimama wima kama msichana, akanishika shavu. Kazi nimepewa yote! Na suti ya Baba Nelima juu.

Lakini nikitoka langoni, jirani ambaye hata hakuwa ndani akainua kichwa juu ya ua akauliza, "Ni wewe umepora nyanya wa watu?"

Sasa, ninyi wa Kitale, nguo zenu ninashona mimi. Atakayecheka, suruali yake itatoka na mguu mmoja mfupi.