Cherehe Yangu na Visu vya Harusi

Jumatatu, 6 Agosti 1956. Mbeya.

Cherehe imefika! Imeshuka na lori la Chunya, kutoka kwa mzungu mmoja aliyefunga mgodi wake na kurudi kwao. Nimempa baiskeli yangu, naye kanipa mashine ya kunolea. Jiwe la duara, pana kama sinia. Pedali ya mguu. Juu yake kopo la maji lenye kibomba, linadondosha tone tone ili chuma kisipate moto. Kisu kikiungua makali hayakai. Hapa mjini nani anayajua hayo? Asukile? Asukile ananoa sokoni kwa kipande cha jiwe na mate yake mwenyewe. Mate! Na visu hivyo hivyo vinakwenda kukata nyama ya watu.

Jirani kasema nimeuza miguu nikanunua jiwe. Nikamwambia asubiri aone. Akajibu kwamba anasubiri tangu ile biashara yangu ya nyuki. Watu wa hapa hawasahau kitu.

Jumanne, 7 Agosti.

Hakuna mteja. Nimezunguka mitaa yote nikiita visu, visu! Bibi mmoja kanijibu toka jikoni kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikumjibu kwa sababu ya umri wake. Baridi kali, suruali imelowa hadi magotini. Hilo jiwe linarusha maji kwa mnoaji kuliko kwa kisu.

Sasa niandike la moyoni. Nampenda Atuganile. Ni mjane, ndiye kiongozi wa wapishi wa kanisa. Nimetuma neno kwa kaka yake, Andendekisye, na jibu lililorudi ni kwamba kwanza ipite harusi ya binti wa Mzee Yotamu, ndipo atasema. Harusi ni Jumamosi. Kila mama atakuja na kisu chake amekifunga kwenye kanga, kama kawaida yao. Je, visu vyote vikiwa vimepita mkononi mwangu? Atuganile akimenya kiazi cha kwanza, si ataona mwenyewe mimi ni mtu gani?

Nimekwenda kwa Mzee Yotamu. Nimemweleza kwamba kisu butu hutupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Mzee wa kanisa hapendi hasara. Kakubali akina mama walete visu kwangu mapema.

Alhamisi, 9 Agosti.

Makapu ya visu! Vyote vimenunuliwa duka moja la Mhindi, mpini mweusi ule ule, urefu ule ule. Lakini hali yake, aibu! Karibu kila kimoja kina mapengo shingoni, pale chuma kinapoingia mpinini. Hiki pengo moja, hiki mawili, kingine mawili huku na moja kule. Ndiyo kazi ya Asukile hiyo, miaka yote hiyo! Nimeapa sitarudisha hata kimoja na pengo lake. Nimesaga chuma kutwa nzima mpaka shingo zote zimenyooka.

Mchana akaja Asukile mwenyewe. Akaokota kimoja nilichomaliza, akakipapasa shingoni kwa kidole gumba. Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake akaenda kuniletea chai ya maziwa! Akasema niendelee hivyo hivyo, nisikiache hata kimoja. Kumbe hata adui akiona kazi nzuri moyo wake hulainika. Karibu nimhurumie.

Atuganile kaleta chake kwa mkono wake. Kasema ni cha marehemu mama yake, aliyeanza kukitumia alipoolewa. Mpini mweusi ule ule, mapengo matatu madogo, yamepangwa sawasawa. Hicho nimekifanya mwisho, polepole, maji mengi, kama namwogesha mtoto. Nikakipangusa kwa shati langu safi, nikakitia kapuni pamoja na vingine.

Jumamosi, 11 Agosti.

Heri nisingeamka.

Makapu yalifunguliwa uani alfajiri. Wamama wakavisifu, vilimetameta! Halafu kila mmoja akaanza kutafuta chake. Wakavigeuza. Wakavipapasa shingoni. Kelele ikaanza. Mke wa mwinjilisti kasema hiki changu, mwenzake kasema mwizi wewe. Kumbe yale mapengo ndiyo alama zao! Kila mwanamke hukata ya kwake ili baada ya harusi au msiba kisu kirudi nyumbani kwake. Nani angenieleza? Hakuna mtu aliyenieleza!

Viazi vimebaki kwenye magunia. Upande wa bwana harusi wamefika toka mbali wakiwa na njaa, wamekuta wapishi wanagombania visu na hakuna sufuria iliyotokota. Wamepewa chai kavu. Mzee Yotamu kasema mbele yao wote kwamba nisimkaribie yeye wala ukoo wake. Asukile alikuwepo, amevaa koti. Nikamkabili, mbona alijua akanyamaza? Akasema alidhani mashine ina desturi zake. Namchukia. Namchukia kweli kweli.

Atuganile hakupiga kelele. Alishika kisu kimoja kimoja, kidole gumba shingoni, mpaka kapu likaisha. Kisha akaniita Lutengano, kwa upole, akaniuliza cha mama yake ni kipi. Wote wakageuka kunitazama. Nikaonyesha kimoja. Akakitazama, akanitazama mimi, akakirudisha kapuni.

Jumapili, 12 Agosti.

Sikwenda kanisani. Andendekisye kaja na jibu. Dada yake amekataa. Nikasema najua, ni kwa ajili ya kisu. Akasema hapana, Atuganile amesema kisu angenisamehe. Kilichomshinda ni kwamba sikukijua, na bado nikaonyesha.

Sielewi. Nilimwonyesha chenye makali kuliko vyote! Mwanamke anachaguliwa kisu bora katika kapu zima, na bado analalamika. Nimelia kidogo, lakini kwa hasira.

Jumatano, 15 Agosti. Iringa.

Jana nilipanda lori mimi na cherehe yangu. Tulipofika Igawa nimemwagiwa maji ya kopo, abiria wamecheka. Nimefikia kwa binamu yangu Edmund. Mji uko kilimani, upepo mkali, soko kubwa, na hakuna anayenijua. Nashukuru.

Njia nzima nimefikiri, na kosa nimeliona. Kosa ni alama. Vialama vidogo vile, kila mtu na chake, lazima visagike! Inatakiwa alama moja, kubwa, nzito. Leo asubuhi nimekwenda kwa mhunzi, kanichongea muhuri wa chuma wenye herufi L. Kila kisu kitakachopita kwangu nitakigonga L shingoni, vyote, Iringa nzima, wajue kimenolewa na nani.

Cha kwanza nimenunua kipya, nimekinoa, nimekigonga na kumpa dereva wa lori ampelekee Atuganile. Safari hii hatapata shida kukitambua. Kina jina langu.