Kitabu Kimoja Kati ya Nyuki na Meno

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Ukurasa wa 268! Mume wa tatu ameanguka kifudifudi juu ya sahani ya pilau. Amekufa. Wote waliokuwa mezani wanatazamana. Nani ametia sumu? Mke? Mpishi? Yule mdogo wa marehemu mwenye jino la dhahabu? Nikatazama saa ya ukutani: saa nane kasoro dakika tano. Ikabidi nirudi mbio dukani Kikuubo kuuza mabeseni, maiti ikiwa bado kichwani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Sumu ya Mume wa Tatu. Ndiyo riwaya pekee ya Kiswahili katika maktaba hii ya umma. Rafu ya Kiswahili ina kamusi mbili, katekisimu moja na hicho basi. Vingine vyote ni Kiingereza na Kiluganda. Kukiazima siwezi, sina kadi. Kwa hiyo tangu Januari nakisoma humuhumu saa ya chakula, kurasa tatu nne, kisha nakificha kwenye rafu ya ufugaji wa nyuki. Hakuna mtu Kampala anayesoma habari za nyuki. Si wizi. Ni kuhifadhi.

Shida ni wafanyakazi. Hawana mpangilio! Mara kwa mara nakikuta kimehamia rafu ya magonjwa ya meno, tena na njiti ya kiberiti ndani. Natupa njiti, nakirudisha kwa nyuki. Siku nyingine hakionekani kabisa.

Na Afande Olal amekalia tena kiti cha dirishani. Sajini mstaafu wa polisi, sasa analinda hoteli moja Kabalagala zamu ya jioni, mchana kutwa yuko hapa. Gazeti la siku huwa limebanwa kwenye fimbo ya mbao ya maktaba, na fimbo hiyo haimtoki mkononi. Ijumaa iliyopita alilinyanyua mbele ya uso nusu saa nzima bila kufungua ukurasa. Wengine husoma polepole, Mungu awasaidie.

Nikitoka nikaona tangazo mlangoni. Jumamosi ya tarehe 19 maktaba inasherehekea kuzaliwa kwake. Jumatatu ya tarehe 21 inafungwa mwezi mzima ipakwe rangi. Mwezi mzima! Nitakula vipi? Nitalala vipi?

Jumanne, 8 Agosti

Lazima nipate kadi. Kadi inataka mdhamini mwenye anwani ya kudumu.

Nilianza na bosi wangu, Mama Nabangala. Ni wa kwetu Bungoma, nikadhani damu nzito kuliko maji. Akasema yeye ananijua, na ndiyo sababu hawezi kutia sahihi. Mchungaji akasema ataniombea. Nikamwendea Madam Safinah, mkutubi mkuu. Akauliza naishi wapi. Nikasema Bwaise. Akavua miwani, akaifuta, akauliza mvua ikinyesha maji yanafika wapi ndani ya nyumba yangu. Nikasema magotini tu. Akavaa miwani akaendelea na kazi yake.

Kurasa mbili tu leo. Mpishi ana wasiwasi mno. Namshuku.

Alhamisi, 10 Agosti

Mungu hamtupi mja wake!

Madam Safinah amebandika orodha ndefu: vitabu vilivyopotea. Anatengeneza maonyesho ya historia ya maktaba, na kutakuwa na meza maalumu ya vitabu vilivyorudi. Anayerudisha chochote kilicho kwenye orodha haulizwi swali, halipishwi faini, na anapewa kadi bila mdhamini. Jina lake litaandikwa ukutani.

Nikapitisha kidole kwenye orodha. Namba 41: Sumu ya Mume wa Tatu. Hakikuonekana wakati wa kuhesabu vitabu, Pasaka.

Bila shaka hakikuonekana. Pasaka kilikuwa kwa nyuki! Nilikiweka mwenyewe!

Nikakaa chini nikafikiri, na akili ikawaka. Kitabu kimepotea. Mimi najua kilipo. Kilichobaki ni kukitoa maktaba kwa siri, halafu nikirudishe maktaba kwa shangwe. Sijawahi kusikia mpango safi kama huu. Afande Olal naye alikuwa mbele ya orodha, anaandika kitu kwenye kiganja. Maskini, labda anatafuta kamusi.

Ijumaa, 11 Agosti

Jaribio la kwanza. Nilikichomeka mgongoni, ndani ya shati, nikakaza mkanda. Nikatembea kuelekea mlangoni nimenyooka wima.

Mlangoni kuna Taban, mlinzi anayekagua mifuko. Mtu mwema kupita kiasi. Akasema leo Mukenya anatembea vizuri sana, kisha akanipiga kofi la kirafiki mgongoni. Pa! Ikalia kama mlango. Akashtuka. Nikamwambia ni ubao wa hospitali, uti wa mgongo wangu umeteleza. Hapo huruma ikamshika. Hakukubali nitoke kwenye jua! Akanishika kiwiko, akanirudisha ndani polepole, akanilaza kwenye benchi la chumba cha watoto, akaenda kuniletea maji. Watoto saba wakaacha vitabu vyao wakanizunguka kunitazama. Mmoja akauliza kama nimekufa.

Taban alipogeuka nikakirudisha kwa nyuki. Nilichelewa kazini dakika arobaini. Mama Nabangala alinisalimia kwa jina langu lote, ishara mbaya.

Jumamosi, 12 Agosti

Jaribio la pili, la kitaalamu. Mtu hutumia alichonacho, na mimi nina mabeseni.

Niliingia na mabeseni sita makubwa, yamepandana. Nikamwambia Taban ni sampuli za kumwonyesha Madam, nitatoka nayo sasa hivi. Nyuma ya rafu ya nyuki nikakiweka kitabu kati ya beseni la tatu na la nne. Hakionekani! Nilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, napiga mluzi wa wimbo wa kanisa, Madam Safinah akatokea.

Akayatazama mabeseni. Akatazama dari, ambayo inavuja sehemu sita. Akashika kifua. Akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba miaka yote hii hakuna msomaji aliyewahi kufikiria jambo hilo. Watu wakapiga makofi. Makofi! Katika chumba cha kusomea! Nikafungua mdomo kukana, nikajikuta nasema si kitu, Madam, ni wajibu wetu.

Akamwomba Afande Olal ayapeleke stoo. Akayabeba yote kwa mkono mmoja. Mlango wa stoo ukafungwa.

Mabeseni sita ya Mama Nabangala. Nimemwambia yako kwenye maonyesho. Si uongo mtupu.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimefika mapema. Mabeseni yako chini ya matundu ya dari, kila moja mahali pake. Ndani hamna kitu. Nyuki: hakipo. Meno: hakipo. Nimepekua sheria, mifupa, upishi na Biblia. Hakipo!

Afande Olal dirishani, amenyanyua gazeti. Gazeti linatikisika. Sikujua kuna habari za kuchekesha leo. Nililisoma baadaye, ni bunge la katiba ukurasa hadi ukurasa.

Jumatano, 16 Agosti

Sili. Nimeota pilau. Nilipomuuzia mteja beseni nikamuuliza kama anamjua mdogo wa marehemu.

Ijumaa, 18 Agosti

Dunia imeharibika!

Saa saba na robo mlango ulifunguka. Afande Olal, amevaa koti lenye vifungo vya shaba. Taban akampigia saluti kama kawaida. Hajawahi kumkagua! Mtu huyu anaweza kutoka na jengo lote mfukoni, akapigiwa saluti! Akatembea mpaka kwa Madam, akafungua gazeti kuukuu, akatoa namba 41. Sumu yangu! Akasema kwa sauti ya kituoni:

“Madam, hii kitabu ilipotea. Mimi nimeitafuta, nimeikamata, nimeileta.”

Akapewa kadi papo hapo. Tena Madam akamwomba atoe hotuba kesho mbele ya wageni.

Nami nikabaki nimesimama. Nimshtaki kwa lipi? Kwamba ameiba kitabu nilichokuwa naiba? Nimekunywa chai mbili bila kuhisi sukari.

Jumamosi, 19 Agosti

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Walijaa. Wageni, watoto, wanafunzi, mchungaji, hata Mama Nabangala, aliyekuja kuyaona mabeseni yake kwenye maonyesho. Alikuta moja lina maji. Alinitazama mara moja tu.

Madam Safinah ndiye aliyesimulia historia. Alianza kazi akiwa msichana, kazi yake kugonga muhuri wa tarehe nyuma ya vitabu. Zamani kulikuwa na gari la kupeleka vitabu mitaani, na kasha la vitabu kila wodi ya hospitali. Kisha ikaja vita ya '79. Watu wakavunja milango, wakachukua viti, mapazia, hata vitasa. Rafu nyingine zikawa kuni. Vitabu wakavimwaga sakafuni wakavikanyaga. Yeye alibeba droo za kadi nyumbani kwa safari tisa, akazificha chini ya kitanda chake mpaka utulivu uliporudi, kwa sababu bila kadi zile hakuna ambaye angejua maktaba ilikuwa na nini. Akasema kilichomuuma si viti. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyeiba hata kitabu kimoja.

Mimi, Khaemba, nilitoa leso, nakiri.

Ndipo akapanda Afande Olal na kitabu mkononi. Akaeleza kinahusu nini. Mume wa kwanza. Mume wa pili. Akafika kwenye pilau! Jasho likanitoka. Akavuta pumzi, akasema:

“Na sasa nawaambia nani aliweka hiyo sumu.”

Nikajikuta nimesimama juu ya kiti.

“Afande, usiseme! Nakuomba kwa jina la mama yako, usiseme!”

Watu wote wakageuka. Na maneno yakamwagika yenyewe: nyuki, shati, uti wa mgongo, mabeseni, yote. Nilisema kwamba ni mimi niliyekipoteza, maana kila siku nilikificha ili nikikute kesho. Taban akashika kichwa, akauliza kwa uchungu kama mgongo wangu ni mzima basi. Nikamwambia mzima kabisa.

Afande Olal akanikazia macho. Nikangoja pingu. Akasema taratibu:

“Kumbe ni wewe unatupa kiberiti yangu!”

Mzee wa watu! Meno yalikuwa ya kwake! Tangu Februari anakisoma nyuma ya gazeti, anatia njiti, anakificha kwa meno. Akirudi njiti haipo, anaanza tena mbali. Amesoma harusi ya pili mara tano. Na hapo akakiri jukwaani kwamba mwenye sumu hamjui. Juzi alichelewa zamu, hakumaliza. Alikuwa anataka tu kubahatisha mbele ya wageni.

Kicheko! Mama Nabangala alicheka mpaka akakalia beseni. Nikamtazama Madam Safinah, nikaona machozi, nikadhani nimekwisha. Kumbe anacheka. Akasema mwaka ule hakuna aliyetaka kuiba kitabu, na leo wanaume wazima wawili wameiba kimoja ili wakirudishe. Akasema hiyo ndiyo zawadi yake ya sherehe. Nilifurahi kuliko siku niliyooa.

Kisha akauliza nani atamdhamini Bwana Khaemba. Mchungaji akatazama viatu. Aliyeshika kalamu ni Afande Olal! Akatia sahihi kwa herufi kubwa, akanionya kwamba kitabu kikilowa Bwaise nitalala ndani. Nina kadi! Namba 2217!

Nikanyoosha mkono nikiazime. Madam akasema kimeshaazimwa. Na Afande Olal. Wiki mbili.

Jumapili, 20 Agosti

Yote yamekwisha vizuri. Afande alinialika Kabalagala. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya hoteli tangu baada ya ibada, mimi nikisoma kwa sauti kwa kuwa macho yake yanachoka, yeye akimhoji kila mhusika kama yuko kituoni. Wapishi wakaacha vyungu wakaja kusikiliza. Saa kumi na moja tukajua. Afande akaruka. Mimi nikapiga kelele. Mpishi mkuu akasema alijua tangu mwanzo, mwongo mkubwa.

Sitaandika hapa ni nani. Shajara inaweza kuibwa.

Tulishikana mikono. Nikaapa mbele ya watu wote: kuficha vitabu, basi. Mtu mzima mwenye kadi hana haja ya hila.

Jumatatu, 21 Agosti

Nilipita tu kuangalia rangi. Imeanza vizuri, kijani. Taban akaniambia jambo. Zawadi za sherehe zilikuwa na kasha moja la vitabu kutoka Nairobi, na juu kabisa kuna Sumu ya Mume wa Tatu, Sehemu ya Pili. Nakala moja.

Madam amesema siku ya kufungua, anayefika kwanza ndiye anayeazima. Vizuri. Haki kabisa. Lakini Taban anasema Afande Olal alipita saa mbili asubuhi kuuliza wapaka rangi kama wanahitaji mtu wa kushika ngazi. Mtu niliyemsomea kwa sauti! Mdhamini wangu!

Kesho nawapelekea wapaka rangi mabeseni manne ya kuchanganyia rangi. Bure, kwa moyo mweupe. Na kwa nyuki sirudi tena, pameshajulikana. Nimechagua rafu ya utengenezaji wa jibini. Hakuna mtu Kampala anayesoma habari za jibini.