Nilivyoposa kwa Mrithi wa Mini

Alhamisi, 6 Februari 2014

Mgongo umekwisha. Tangu asubuhi tunashusha magari kwenye bohari la tajiri mmoja huku Lusail, Qatar, anayekusanya magari ya kale kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Leo yamekuja yanayofanana na Mini, kile kigari kidogo cha Waingereza, lakini si Mini. Mudiri, bosi wetu, akatueleza kwa majivuno: haya yalikusudiwa kuirithi Mini. Yalichorwa, yakatengenezwa ya majaribio, kisha wenyewe wakabadili mawazo. Hayakuuzwa kamwe. Kila moja liko peke yake duniani.

Peke yake duniani! Mgongo ukapona papo hapo.

Maana Muheza kuna posa mbili kwa Mwanahawa: yangu na ya Zuberi, dereva wa familia moja hapa Doha. Ijumaa ya wiki ijayo wazee wanakaa kuchagua. Zuberi amepeleka picha ameegemea Landikruza ya bosi wake. Mshamba! Landikruza hiyo hiyo imeshaposa nusu ya mabinti wa Tanga. Lakini gari ambalo hakuna mwingine aliye nalo, nani atasema si langu?

Ijumaa, 7 Februari

Mapumziko. Nimetoka Al Mansoura, ninakokaa, na koti la kuazima. Herbert, Mkenya anayelinda geti la bohari, amekubali kunipiga picha kwa sharti la biriani. Nimechagua la kijani, zuri kuliko yote. Mlango haufunguki. Vioo vimepakwa rangi nyeusi. Herbert akaligonga, akasema buda, hii gari ni mbao tupu, ilikuwa ya kuonyesha shepu tu. Nikamuuliza, na picha kazi yake nini? Piga!

Nimemtumia Mwanahawa, nikaandika: gari letu. Letu! Amejibu kwa maua. Zuberi kwisha habari yake.

Jumapili, 9 Februari

Balaa. Picha imemfikia mjomba wake Mwanahawa, Mzee Shekue. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Nilisahau kazi yake: fundi magari, na roho yake yote iko kwenye Mini. Nilidhani atanitukana. Wapi! Amefurahi kama aliyepata mjukuu. Anasema ujanani alisikia kwamba Mini mpya inakuja, akaingoja mpaka akaota mvi. Sasa anataka nimrekodie injini, asikie inavyopumua. Nimemwambia kesho, mjomba.

Kwa nini nimesema kesho?

Jumatatu, 10 Februari

Herbert amejaribu kwa mdomo. Mbuzi mwenye kifua. Tumejaribu mashine ya kufyonza vumbi, inalia kama inayoonewa. Mwishowe jenereta iliyo nyuma ya bohari. Safi! Nimetuma.

Jibu limewahi chakula cha mchana. Mzee anasema Mini ina silinda nne, hapa anaisikia moja, maskini. Nisithubutu kumwachia fundi mwingine. Atalitibu mwenyewe. Ameshahamisha mbuzi bandani kulipisha gari. Posa yangu iko njiani kukubaliwa, mwanangu, ila nije nalo.

Nije nalo! Hata tairi zake zimebandikwa kwa gundi.

Jumatano, 12 Februari

Nani kaingia bohari leo? Zuberi! Kamleta bosi wake kutazama magari. Akanikuta nalipangusa vumbi lile la kijani. Akalitambua, maana habari za Muheza anazo zote. Akatoa simu, akaanza kurekodi, akaligonga boneti. Ngo, ngo, ngo. Kama mtu anayebisha hodi. Kisha akaniuliza, Sule, dawa ya mchwa mnapuliza mara ngapi humu? Akatuma Muheza.

Nikawahi kumweleza mzee kwamba hili ni toleo la kifahari, bodi ya mbao. Akauliza, na injini je, ni mninga au mvule? Nikazima simu. Nimekwisha. Usiku sikula. Yaani nilikula kidogo.

Ijumaa, 14 Februari

Wazee wamekaa. Mwanahawa amepiga, anacheka hata hawezi kusema. Nikajua nimekataliwa.

Kumbe! Mzee Shekue alinuna, akanuna, halafu akaiomba tena ile picha. Akaikuza. Akawaeleza wazee wote lile buti lilivyochongwa, mpaka mmoja akasinzia. Akasema aliyeliacha gari zuri namna hii bila kulitengeneza ni mjinga kuliko Suleimani. Kisha akauliza Landikruza ni ya nani, kikao kizima kikaangua kicheko. Waongo wawili, akamchagua mwenye jicho la magari. Anataka tu picha za kila upande, na za uvunguni.

Nimekubaliwa! Nimemkumbatia Herbert, akasema nimwache yuko kazini.

Mwanahawa naye kaniambia yeye si mjomba wake. Picha ya uongo ikija tena, posa imevunjika. Nimeapa. Kwa moyo wote, machozi yananitoka. Basi akaniuliza kwa upole, ile nyumba ninayojenga Muheza imefikia wapi?

Swali la haki. Imefikia msingi na nyasi. Ila hapa Lusail, nyuma ya bohari, kuna nyumba ya maonyesho, ya wanunuzi kutazama tu. Haikai mtu. Ina roshani! Herbert akitoka zamu tunakwenda. Tatizo ni ile mitende mlangoni. Itabidi apige akiwa mbali kidogo. Kwa mbali, mtende ni mnazi.