Ulimi Wangu na Sharubati za Jeilani

Jumamosi, 4 Februari 1956

Jeilani amefungua mkahawa wa tatu. Wa tatu! Mmoja hapa Amu, mmoja Kipungani, na sasa Chundwa. Mabenchi yale yale ya buluu, bilauri zile zile, na ukutani chaki ile ile: ukwaju, ndimu, zabibu, mawaridi. Ukishaingia mmoja umeingia yote. Na watu wanasifu! Watu wa mji huu wakipewa maji ya kuoshea mchele yametiwa sukari, watauliza kama yamebaki.

Mimi sivyo. Mimi, Abdulghafur, nina ulimi. Babu yangu alikuwa akionja chai akakutajia kisima maji yalikotekwa. Nimerithi ulimi huo pamoja na nyumba inayovuja. Nyumba sijaitengeneza, lakini ulimi nautunza.

Leo nimeonja zote nne mbele ya watu. Nikainua bilauri juani, nikanusa, nikazungusha mdomoni. Ya zabibu: tamu mbele, nyuma hakuna kitu. Ya mawaridi: inanukia bibi harusi wa juzi. Ya ndimu: ndimu ilipita karibu tu, haikuingia. Ya ukwaju sikuimaliza. Akaimaliza Mselem, fundi wa milango, baada ya kumaliza yake, akasema Alhamdulillahi. Mselem husema Alhamdulillahi hata kwa maji ya mtungi. Yule hana ulimi, ana koo.

Sasa mpango wangu. Dada yake Jeilani, Bi Radhiya, amemaliza eda. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu pengine pote sisemi. Tangu utotoni tulikuwa ukuta kwa ukuta, na nikisikia akicheka darini nilikuwa nasahau nilichotumwa dukani. Aliolewa na mwengine nikiwa bado napanga maneno. Safari hii sichelewi. Jeilani ni mfanyabiashara. Akisikia mtu mwenye ujuzi anazikosoa sharubati zake kila mahali, atafanya nini? Atamvuta karibu. Atamfanya shemeji. Ni wazi kabisa.

Jumatatu, 6 Februari

Kipungani, kwa punda wa kuazima mwenye maoni yake kuhusu njia. Mgongo wote unauma.

Mkahawa umejaa. Nikaagiza ukwaju, nikaonja, nikatangaza: maji haya ni ya kisima cha hapa hapa, yana chumvi, na yameuua ukwaju. Hamdun, mwenye kuhudumu, akanijibu kwa adabu kuwa sharubati huja tayari kutoka Amu, kwa maji ya Shela, na mitungi ile pale nikitaka kuiona. Shela! Maji matamu kuliko yote ya kisiwa hiki, mpaka watoto wanajua. Nikaiangalia mitungi. Kisha nikasema basi Shela imeharibika.

Wakacheka. Wacheke. Watu wa kusuka mikeka wanajua nini? Bilauri yangu iliyobaki nikampa punda. Akainywa yote, akailamba, akaniangalia akitaka nyengine. Punda hana ladha.

Jumatano, 8 Februari

Ilikuwa nifike Chundwa. Lakini bahari hunitapisha, na nimefikiri: kuna haja gani? Mkahawa ni ule ule. Kwa hiyo baada ya Alasiri nilikaa kwenye benchi la buluu hapa hapa Amu nikawaeleza watu sharubati ya Chundwa ilivyo. Nzito. Ina moshi. Ukwaju wake umechumwa na mtu mwenye haraka. Walinisikiliza vizuri sana! Nilipendeza.

Akaja Mselem. Kumbe alikuwa Chundwa kutia mlango wa mkahawa huo. Akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, niliinywa lini, maana sharubati bado hazijafika Chundwa. Mpaka jana walikuwa wakiuza kahawa peke yake.

Nikamjibu kuwa mwonjaji wa kweli hangoji. Nikaondoka na heshima zangu, zile zilizobaki.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Nimemwambia dada yangu Kulthum akanipelekee posa kwa Bi Radhiya, akakataa. Akaniuliza nadhani ni nani anayezichanganya sharubati za Jeilani. Nikasema mpishi fulani kutoka Mombasa, asiye na mafunzo. Akasema ni Bi Radhiya mwenyewe. Zote! Kwa mkono wake, kila alfajiri, za mikahawa yote.

Nilikaa chini.

Kulthum anataka nikaombe radhi. Nimelifikiria jambo hilo tangu Magharibi. Hapana. Mwanamke mwenye akili hataki sifa. Sifa anazipata hata kwa Mselem. Anataka mtu wa kumsahihisha. Kwa hakika siku zote hizi nimekuwa nikizungumza naye.

Alhamisi, 9 Februari

Ameniita! Jeilani ameniita nyumbani kwake kesho baada ya sala ya Ijumaa. Amenasa!

Nimefukiza kanzu udi. Nimejifunza kusema “shemeji” bila kutabasamu mno. Kulthum anasema uso wa aliyeleta salamu haukuwa uso wa harusi. Wivu wa dada tu, tangu zamani anao.

Ijumaa, 10 Februari

Ya Rabbi.

Nilifika mapema, nikakaa kwenye daka lao, pale kibarazani mbele ya mlango mkubwa. Akaingia Bi Barka, mke wa Mwalimu Bwanamkuu, na bakuli lililofunikwa kawa. Akaliweka karibu yangu, akapita ndani kumwita mama yake Jeilani, Bi Hindu. Hakunisemesha.

Nikaelewa mara moja. Mtihani! Sharubati mpya, imewekwa makusudi, bila maneno, waone nitasema nini. Nikafunua. Rangi ya zafarani, harufu ya marashi. Nikainusa, nikainywa yote, kwa sababu hukumu ya haki haitoki kwa funda moja.

Jeilani akatoka ndani, na nyuma yake Mselem. Sikuuliza Mselem anafanya nini kule. Sikumpa mtu nafasi. Nikasema, kwa sauti ya kufika darini: zafarani ni ya kubabaisha, marashi yamezidi, sukari imesahauliwa kabisa, na chini kuna ladha ya sahani. Aliyeitengeneza hajui kazi. Arudi akafunzwe.

Kisha Bi Barka akatokea mlangoni. “Umenwa kombe! Wee, mato huna?”

Macho ninayo, lakini kombe! Aya ambazo Mwalimu Bwanamkuu ameziandika kwa zafarani kwenye sahani, kwa mkono wake, na kuziosha kwa marashi, kwa dua ya Bi Hindu, mwanawe Radhiya afunguliwe nasibu ya ndoa. Nimeinywa nasibu yake. Na mwalimu aliyetusomesha sote mji huu nimesema akafunzwe.

Nilistaghfiru mpaka ulimi ukakauka. Jeilani alingoja nimalize. Akasema alikuwa ameniita kuniomba niache mikahawa yake. Sasa anaomba niache na daka lake pia. Mselem akajitolea kunisindikiza. Nikakataa! Ndipo nikatambua kanzu yake nayo imefukizwa udi. Alikuwa amekuja kuposa.

Nilipokuwa navaa viatu nikasikia mtu anacheka ndani, nyuma ya pazia, anajizuia na anashindwa. Ni yeye. Kicheko kile kile cha darini. Nilisahau njia ya nyumbani kwangu, na nyumba zetu ni ukuta kwa ukuta.

Ijumaa, 16 Machi

Shaaban. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani. Leo wameoana Mselem na Bi Radhiya. Bibi harusi hakuhitaji kombe lolote.

Wamenialika, kwa kuwa jirani haachwi. Mwalimu Bwanamkuu aliitikia salamu yangu, baada ya muda. Chakula sina la kusema, nimekula mara mbili. Kisha ikaja sharubati ya ukwaju. Kulthum alikuwa ameshaniambia: ameichanganya bibi harusi mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu mwengine.

Nikaipokea. Nikanusa, nikazungusha mdomoni.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichopata kunywa, na naogopa ilikuwa nzuri hivyo tangu mwanzo. Nikainua uso, nikakuta mkeka mzima unaningoja. Mselem naye ananiangalia, na joho lake, kwa upole. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Neno moja tu, na lingefika ndani kwa wanawake kabla bilauri haijatua.

Nikasema chumvi imezidi.

Mselem akasema Alhamdulillahi, akanywa yake yote.

Kulthum haniongeleshi tangu turudi. Lakini kabla hajanuna alitaja kuwa Shela kuna Bi Swafiya, mjane, mtu mpole, na kaka yake ameweka meza ya kahawa karibu na mashamba. Nimepiga hesabu zangu. Nasibu niliyoinywa ingali tumboni, haijatumika. Kesho naazima punda.

Kahawa yao sijapata kuionja. Imeungua.