Zambarau Iliyokataa Kufanana

Jumatatu, 3 Machi
Nyumbani wote wazima: mume wangu na mgongo wake, mjukuu na jino lake, binti yangu na duka lake la kuchapa. Ila binti kasafiri kufuata wino, arudi Alhamisi. Kaniachia ufunguo. Kasema nipokee wateja tu, mashine nisiguse. Kadi mia mbili za harusi zinachukuliwa Ijumaa. Mia na arobaini kashazichapa kwenye mashine kubwa, zambarau ya kupendeza, hadi wino ukaisha. Nikamwahidi sigusi.
Nimegusa. Mwanangu anachoka, jamani! Mashine ndogo ina wino wake, picha ni ile ile. Sitini zilizobaki zimetoka mbio. Nikajiona fundi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeziweka pamoja mwangani. Ole wangu. Za mashine kubwa, zambarau. Za ndogo, bilingani lililochemshwa likasahauliwa. Nimeizima mashine, nimeiwasha. Nimeipangusa. Nimeibembeleza. Bilingani.
Nikampigia binti simu, eti nauliza tu nijifunze. Akasema kila mashine ina mwisho wake wa rangi. Ile ndogo zambarau hiyo haina, hata uilazimishe vipi, itakupa iliyo karibu. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamuuliza kama amekula.
Mshonaji wa jirani kachungulia dirishani. "Mama, harusi ni moja au mbili?" Mdomo ule ungefaa kutiwa vifungo.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza. Ndogo haipandi, basi kubwa ishuke! Pazia la sebuleni limepaushwa na jua, kadi ni nani? Zile nzuri zote nimezianika juu ya bati tangu asubuhi, nimezipandanisha kama vigae ili zienee. Mshonaji akauliza kama nakausha samaki.
Jioni nimezianua. Jua limefanya kazi, ila pale lilipofika tu. Palipofunikwa, zambarau, palipo wazi, buluu ya kuugua. Kila kadi ina mstari. Nimeua mia na arobaini kuokoa sitini.

Alhamisi, 6 Machi
Binti karudi. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kazitandaza kadi mezani, kazitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.
"Mama, nilikuwa nimebakiza sitini tu."
Katia wino, kaanza upya zote mia mbili. Chakula nilichompelekea kimepoa pembeni yake. Kisha akaniomba ufunguo, kwa adabu, kama anavyomwomba mgeni. Nimeutoa. Nilitaka apumzike mwanangu, nikamwongezea mzigo.

Ijumaa, 7 Machi
Wenye harusi wamezichukua kadi, wameshukuru. Mimi nimefagia. Nimefagia tena. Binti hajaniangalia.

Jumatatu, 10 Machi
Kanirudishia ufunguo! Kasema mama ni mama, ila siku nyingine niulize kwanza. Nikalia, naye akalia kidogo. Nimeapa: kuanzia leo nauliza kila kitu.
Kaenda kupeleka mzigo, anarudi saa saba. Mlango wa duka umebanduka rangi pembeni, aibu tupu kwa wateja. Mshonaji kabakiwa na nusu kopo ya rangi aliyopakia mlango wake. Wake kijani, wetu kijani. Kumuuliza binti ni kumharibia furaha ya kushtukizwa. Brashi nimeshaichovya.