Mierebi ya Barabara Isiyokuwepo

Jumatatu, 8 Aprili
Barua ya watu wa serikali wanaolinda mto imefika. Eti maji yanayopita kwangu yana joto la kuua samaki wa samoni, na matope yote yanashuka kutoka barabara yangu ya vumbi iliyo kando ya mto. Mkaguzi, Bi Kuroda, anakuja Ijumaa. Asipokuta kivuli ukingoni, barabara inafungwa. Barabara yangu! Sina njia nyingine ya kufika shamba la chini, kwenye nyasi za ng'ombe za majira ya baridi. Bila nyasi, ng'ombe wote mnadani.

Jirani yangu Bi Pacheco, mwenye miti ya mierebi tele ukingoni na kibao cha sifa kutoka kaunti, kaniita uani. Eti, "Mzee Orrin, samaki wakipita kwako wanatoka wameiva, bado chumvi tu." Nikajifanya natazama mawingu. Mwanamke yule!

Jumatano, 10 Aprili
Mti huchukua miaka kumi kukua. Mimi nina siku mbili. Lakini akili ni nywele, na zangu bado nyingi. Bi Pacheco alipokwenda kuuza keki kanisani, nikavuka na msumeno wa mashine. Fito mia mbili za mierebi, majani yakiwa juu! Nimezikita kwenye tope la ukingo kwa nyundo. Arobaini zilibaki, nikazisimamisha katikati ya barabara. Asichokiona atakifungaje? Akiondoka nazing'oa. Mgongo unauma, moyo unacheka.

Ijumaa, 12 Aprili
Bi Kuroda kaja na buti na kipimajoto. Akauliza barabara iko wapi. Barabara gani? nikauliza mimi. Akaitazama ramani, akanitazama. Nikatia sahihi kwamba barabara hakuna wala haijawahi kuwepo. Kisha akatikisa fito moja. Jasho lilinitoka! Kumbe anatabasamu. Hivyo hivyo ndivyo mierebi inavyopandwa, akasema, fito tupu ndani ya tope. Nani kanifundisha? Uzoefu, nikajibu. Atarudi Juni.

Bi Pacheco kasimama anaitazama mierebi yake iliyonyolewa. Nikampa pole, nikamwambia ni biva, wale wanyama wa mtoni wanaoangusha miti kwa meno. Akasema biva wa siku hizi wanadondosha oili ya mashine.

Fito za barabarani nimeziacha. Nijichoshe ya nini? Zitakauka zianguke zenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Salaale! Nyasi zimekomaa, nimewasha trekta, barabara hakuna. Msitu! Fito zote arobaini zimeota mizizi na kushikana matawi. Nikavuta moja, ikanivuta yenyewe. Nikakimbilia msumeno, na Bi Kuroda huyo, anashuka garini. Ana furaha kama bibi harusi. Matope yamepungua, samoni wadogo wameonekana kivulini. Miti ya mtoni sasa haikatwi bila kibali. Nikaomba kibali. Kwa sababu gani? Nipitishe trekta barabarani.

Akatoa karatasi yangu yenye sahihi. Barabara gani, Mzee?

Bi Pacheco alisikia kila neno. Anasema nikitaka nipite kwake, ila na toroli na mundu, trekta itawaamsha biva wangu. Thubutu! Heri nife.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata dawa! Sheria inamkataza mtu kukata miti. Biva hajatia sahihi popote. Nimenasa wawili huko juu milimani, dume na jike ili kazi iende mbio, nikawaachia hapo hapo barabarani. Bi Pacheco kauliza kama najua biva wakishakata miti huifanyia nini. Nikamwambia huila, na ashughulike na yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 20 Juni
Ushindi! Biva wameangusha mierebi yote ya barabarani. Wameilaza na kuipanga kama ukuta toka ukingo hadi ukingo wa mto, sijui kwa nini, nadhifu kweli. Njia nyeupe!

Ila shamba la chini lina maji mpaka kiunoni. Mvua, nadhani, ingawa jua limewaka wiki nzima. Si kitu. Kesho naazima mashua ya Bi Pacheco. Nyasi nitavuna tu.